Shati la Wilmar

Asubuhi, binti yangu Yurani hunywa maji ya sukari guru akiwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, chini ya dirisha. Watoto wote wa mtaa wetu hula hivyo, maana risasi hupita juu. Mama yake, Marleny, alikuwa amesimama akichoma mkate wa mahindi siku ile risasi ilipotoboa ukuta ikamuua. Wakubwa wa jiji la Cali walikuja, wakapiga picha tundu la ukutani, wakaahidi kituo cha polisi. Kituo hakipo mpaka leo. Tundu nililiziba mwenyewe kwa saruji.

Yurani alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila alipotoka shule alipitia kituo cha vijana, akajifunza kupaka rangi michoro kwenye kompyuta ya mwalimu Ferney. Mimi shule niliiacha mapema, lakini nilimsikia akifundishwa mara nyingi hata nikaelewa. Mistari hukaa juu kabisa. Chini yake kila rangi hukaa katika tabaka lake, kama karatasi za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ukibonyeza ile alama ya ndoo ndani ya mistari, rangi hujaa yenyewe.

"Lakini rangi ya ndoo ni kama maji, Yura," Ferney alimwambia. "Mstari ukiwa na tundu, inavuja. Ziba kwanza ndipo umwage. Ukimaliza, rudisha picha iwe ndogo uione yote."

Mwaka ule vijana wa juu mlimani, mashabiki wa timu nyekundu, walikatana mapanga na wale wa chini, wa timu ya kijani. Walikufa Faber wa juu na Wilmar wa chini, waliowahi kukaa dawati moja. Mama zao wakakubaliana ichapishwe kwenye turubai picha moja kubwa, marafiki hao wameshikana mabega, kila mmoja na shati la timu yake. Siku itakayotundikwa uwanjani, vijana waweke mapanga chini. Ferney akachora mistari, rangi akampa Yurani. Ofisi ya jiji ikawaharakisha, kwa sababu bwana mkubwa fulani alitaka kupigwa picha mbele yake.

Ijumaa, Yurani alikuwa amemaliza shati la kijani la Wilmar. Lilibaki jekundu la Faber. Rafiki yake Sirley akaita dirishani, "Yura, mama muuza chontaduro anafunga meza. Utakuja kula mbegu tu?"

Matunda yale, kwa chumvi na asali, binti yangu angeyafuata hata motoni. Alikuwa ameikuza picha mpaka kioo kizima ni ukosi wa Faber. Akabonyeza ndoo, pakawa pekundu, akahifadhi.

"Umekagua?" aliuliza Ferney. Mchapaji alikuwa anangoja mlangoni.

"Nimekagua, mwalimu," alijibu, huku mguu mmoja uko nje.

Jumapili mchana uwanja ulijaa. Bwana mkubwa hakuja. Turubai likafunguliwa. Faber alivaa nyekundu. Wilmar naye alivaa nyekundu.

"Mmemvalisha maiti wetu nguo ya waliomuua," alisema Mbu, kiongozi wa vijana wa kijani.

Jiwe la kwanza lilimpata mzee mmoja usoni. Kisha chupa zikaruka, watu wakakanyagana, panga likapasua turubai. Vijana wa kijani wakamkamata Ferney, wakampiga mateke mpaka meno yakadondoka, wakamburuta hadi kwenye ngazi. Mbu akaubana mkono wake wa kulia kwenye saruji, akainua panga.

"Mkono uliochora ni huu?"

Nilimshika Yurani kwa nguvu zangu zote. Akaniambia, "Baba, niache. Ni mimi." Akachomoka, nami nikamfuata mbio.

"Kaka, mwalimu alichora mistari tu," alimwambia Mbu. "Rangi nilipaka mimi."

"Wewe kifaranga? Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nilikuwa nawahi chontaduro."

Mmoja nyuma akacheka. Mbu hakucheka. "Unatuona mazuzu?"

"Njoo uone kwenye kompyuta. Kama nadanganya, kata mkono wangu."

Mama yake Wilmar, bibi Omaira, akapita katikati ya mapanga kama anapita sokoni. "Shusha hilo, Mbu. Aliyekufa ni mwanangu, si wako. Twende tukaone."

Tukajaa ndani ya kile chumba cha kompyuta, Ferney akivuja damu. Yurani akafungua picha, akalificha tabaka la rangi nyekundu. Chini yake, shati la Wilmar likatokea, kijani tupu, limepakwa vizuri hadi kwenye mishono. Bibi Omaira akakigusa kioo kwa kiganja.

"Lilikuwa humu siku zote?"

"Ndiyo, bibi. Nyekundu ilivuja ikalifunika. Hapa." Akakuza bega. Pale mkono wa Wilmar ulipomshika Faber, mstari ulikuwa na tundu jembamba kama mguu wa sisimizi.

"Ziba," alisema Mbu.

Akaliziba. Akafuta nyekundu, akaimwaga upya. Ilifika begani ikasimama. Mbu akainama, panga bado mkononi.

"Hapo kwapani pamebaki peupe."

"Ahsante, kaka," alisema Yurani, akapajaza. Mbu akalaza panga mezani ili aone vizuri, na alipotoka hakulichukua.

Polisi walifika giza limeshaingia. Wakamkamata Ferney, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na damu. Wakamwachia kesho yake.

Turubai jipya liko uwanjani hadi leo. Siku ya kulitundika, Ferney alimwita Yurani mbele ya wenzake wote.

"Rangi ikivuja tunaifuta kwa kidole," alisema kupitia meno yaliyobaki. "Lililotuponza ni neno lako, 'nimekagua', maana nililiamini. Ukisema umekagua, uwe umekagua. Na ulipokosea ukasema, ukaokoa mkono huu. Yote mawili yakumbukeni."

Nami naongeza langu. Waliotangulia walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu mlimani, usipoziba ufa utachimba kaburi. Binti yangu sasa huikagua picha yote, hata Sirley aite mpaka akauke koo. Wakubwa wa jiji nao, kuhusu mtaa wetu, husema kila mwaka kwamba wamekagua.