Chini ya Chesisi

Ijumaa hiyo ya mwaka 1979, watu waliotoka msikitini mtaani Wabera walimkuta dereva Elmi amekufa katika gereji ya Warsame. Alikuwa amelaliwa kifuani na chesisi ya lori alilotaka kulinunua. Jeki iliyokuwa imeishikilia ilikuwa imeshuka hadi chini.

"Jeki mbovu hiyo, hushuka yenyewe," Warsame akasema. "Fundi wangu Dualeh anajua, na jana waligombana. Amemwekea makusudi, kisha akaenda kuswali."

Sajini Kiogora akamtia Dualeh pingu mbele ya umati, Habsa, mjane wa Elmi, akimlaani. Kesi ya mauaji, jamani, mwisho wake ni kamba.

Lakini moyo wa Kiogora haukutulia. Jeki ya mafuta ikiwa mbovu huvuja, na mchanga pale ulikuwa mkavu kabisa. Jioni akarudi gereji, akamkuta Warsame.

"Wakati wa swala wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, afande, nikilinda vyombo."

"Na nani?"

"Mimi na marehemu tu."

Kiogora akainua chesisi kwa jeki ileile. "Hebu ingia unisomee namba iliyogongwa huko ndani."

Warsame akalala chali, akajisukuma chini upesi, bila kuiogopa jeki hata kidogo. Hata gogo la kuegemeza hakuomba. Kiogora akachuchumaa, akashika skrubu ya kuteremshia jeki.

"Warsame, si ulisema hii ni mbovu?"

Lo! Jasho lilimtoka yule bwana. Chuma kilikuwa karibu kumgusa pua, na pa kutokea amepaziba polisi.

"Afande, toa mkono!"

"Kama ni nzima, kuna mtu aliifungua. Dualeh alikuwa msikitini, kila mtu alimwona. Nani alibaki?"

"Elmi aliona namba imesuguliwa!" Warsame akalia. "Lori ni la wizi. Alisema akitoka huku chini anakuja kwenu. Ningefungwa, wallahi!"

Kwa hasira, Kiogora nusura aifungue. Kisha akautoa mkono, akamvuta nje na kumtia pingu.

Kituoni akafungua mlango wa seli. "Toka, Dualeh. Uko huru."

Dualeh hakuinuka. "Habsa bado anaamini ni mimi nilimuua bwanake. Ulinifunga mbele ya watu, afande. Nenda kamwambie mbele ya watu, ndipo nitoke."

Kiogora akavua kofia, akaenda msibani.