Kiti cha Pili cha Kigari Namba Tatu

Siku mambo yalipoanza ilikuwa Jumanne ya kawaida, jua limetulia, na mimi nilikuwa nagombana na zipu. Kazi yangu ni cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho karakana yangu: mashine, meza, pasi, viti vinne vya wateja. Ovaroli za kampuni ya kupanda miti zote nilizishona mimi, na kifua cha kila mfanyakazi wa mlima ule nimekizungushia futi yangu kwa mkono wangu. Nyumba tulikaa wawili, mimi na kaka yangu, tumbo moja, ziwa moja. Yeye alikuwa fundi wa vigari vya kampuni hiyo, na haya yalimpata yeye. Anayesema nimeyaota aje akae kwenye viti vyangu.

Vigari vyenyewe huenda unavijua. Magurudumu manne manene, viti viwili, milango hakuna, juu fremu ya mabomba, nyuma nafasi ya mizigo. Vinapanda mahali ambapo hata mbuzi hujishauri kwanza. Ila vina ukorofi mmoja: ukikaa bila kufunga mkanda, kiti kinausikia uzito wako, kinaanza kulia, ti, ti, ti, na kigari kinakataa kwenda zaidi ya mwendo wa mgonjwa. Aliyekibuni aliwajua watu. Hakumjua kaka yangu tu.

Madereva walikuwa wakishuka na kupanda kila baada ya hatua ishirini kuangusha miche, na mkanda kwao ulikuwa adha. Kaka akaenda kwenye magari chakavu, akakata vile vyuma bapa vya mwisho wa mkanda, vile vinavyoingia kwenye kifungio, akamgawia kila dereva kimoja. Unakichomeka, kigari kinaamini umefunga, kinanyamaza, unaondoka mbio. Meneja aliviona. Alisema, "Mimi macho yangu mabovu," akacheka, na miche ikawa inafika mapema. Kaka alipendwa mlima mzima.

Dereva mmoja tu alikataa. Walimwita Polepole, mtu mzima, mwenye mke, wakikaa nyumba ya kampuni, ya nne kutoka kwetu. Huyo alifunga mkanda hata akisogeza kigari kivulini. Wenzake walimtania kwamba akilala anamfunga na mkewe. Basi mkanda wa kigari chake, namba tatu, ukakwama, hauvutiki. Aliandika kwenye daftari la ukaguzi asubuhi tatu mfululizo. Kaka alikuwa na kazi nyingi, na uvivu pia, simsingizii. Asubuhi ya tatu akachomeka chuma kwenye kifungio, akaandika "Imetengenezwa," akatia sahihi.

"Nenda, mzee," alimwambia. "Mkanda hauongezi siku za kuishi."

Saa saba mchana Polepole alikuwa anaukata mteremko ubavu, nyuma ana pipa la maji lililojaa nusu. Sikujua ubaya wa nusu pipa mpaka nilipokaa siku nne nikisikiliza baraza la uchunguzi. Maji yakiyumba upande wa bondeni, kigari kinayafuata. Kilipinduka, na yeye hakuwa na cha kumshika. Alichomoka nusu mwili, bomba la fremu likamlalia kifuani. Kaka ndiye aliyefika kwanza.

"Nilimkuta ameshakata roho," alimwambia mjane mbele ya watu wote.

Jioni nilipofua ovaroli ya kaka nilikuta chuma kile mfukoni, kimepinda. Nilikijua. Sikuuliza. Nilikifunga kwenye kipande cha kitambaa cha maua ya bluu, nikakitupa kwenye shimo la choo, nikarudi kusuuza.

Baraza lilikuwa na swali moja, dhima ni ya nani. Ikiwa ya kampuni, kaka angefungwa. Ikiwa ya marehemu, basi Polepole angeandikwa mzembe, na mkewe angehama nyumba ya kampuni kabla mwezi haujaisha. Wakili wa kampuni alivaa viatu vya kung'aa kuliko macho yake. Alionyesha daftari: mkanda ulitengenezwa, sahihi hii hapa. Kwa hiyo marehemu alikuwa na mkanda mzima, kengele ikamlilia, akaipuuza. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu palikuwa kaburini.

Ili kuhakikisha, wakaomba kigari namba tatu kiletwe uani, mchana kweupe. Kilikuwa kimenyooshwa, kimewekwa mikanda mipya. Kaka akaitwa aketi. Alipoketi kikalia, ti, ti, ti. Akafunga mkanda. Kikanyamaza.

"Mmesikia wenyewe," wakili alisema.

Kikalia tena.

Kilikuwa kiti cha pili. Hakikuwa na mtu. Watu wakacheka, wakili akasema ni waya tu. Kaka hakucheka. Alinyoosha mkono, akauvuta mkanda wa kiti kile, akaufunga juu ya hewa tupu. Mlio ukakoma.

Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Mkanda ule haukulala kitini. Ulitutumka mbele, kwa unene wa kifua cha mtu. Nami vifua navijua. Kisha ukapanda kidogo. Ukashuka. Ukapanda.

Wengine walikuwa wameshaanza kurudi ndani.

Uamuzi ulisomwa siku hiyo hiyo: uzembe wa marehemu. Nilifurahi, sitadanganya. Getini mjane alimsubiri kaka. Hakulia. Alimwuliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, mume wangu alisema nini mwishoni?"

"Nilikwambia, mama. Nilimkuta ameshakata roho."

Tangu siku ile kaka aliacha kukaa. Kila alipoketi, kiti cha jirani yake kililia. Kiti cha mbao, kisicho na waya wala betri. Nilikisikia na mimi. Akawa anakula wima kama mlinzi wa geti, na mimi nikawa namtania ili nisiogope. Siku ya nane alisimama mlangoni kwangu, mkono kwenye fremu, akaninong'oneza.

"Alikuwa hai."

Niliacha kukanyaga mashine.

"Aliniambia, fundi, niinulie. Jeki nilikuwa nayo, dada. Nilikuwa nayo mkononi."

"Kwa nini hukumwinulia?"

"Nilitaka kuchomoa chuma kwanza. Kilikuwa kimepinda, kikagoma. Nikaenda kuchukua koleo."

"Na yeye?"

"Alikuwa ananiangalia."

Nilimwonea huruma. Si Polepole. Kaka yangu. Nilimwambia maji yakimwagika hayazoleki, anyamaze, na mimi nitanyamaza. Damu ni nzito kuliko maji. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kulala.

Asubuhi nilipokwenda kumwamsha alikuwa ameshatoka. Juu ya mto wake palikuwa na futi yangu ya kupimia. Ilikuwa imezungushwa duara na kubanwa kwa pini, hivi hivi ninavyofanya mimi ninapohifadhi kipimo cha mteja. Nilisoma. Inchi thelathini na nane. Ndicho kifua cha kaka. Nikaona ananirudishia utani wangu, nikaivaa shingoni nikaendelea na kazi.

Saa saba nilimpelekea chakula. Madereva wote walikuwa mlimani, na karakana ya kampuni ilikuwa kimya. Kigari namba tatu kilikuwa katikati ya sakafu ya saruji, mahali tambarare, injini imezimwa. Kaka alikuwa ameketi ndani yake.

Mkanda ulikuwa umemkaza. Ulitoka begani, ukashuka mpaka nyongani, na katikati ulikuwa umezama. Umezama ndani ya kifua. Macho yake yalikuwa wazi.

"Dada," alininong'oneza. "Niinulie."

Hapakuwa na kitu juu yake.

Ukutani, hatua mbili kutoka nilipokuwa, kulikuwa na mkasi mkubwa wa kukatia bati. Niliuona. Ndipo nilipokiona na kile kingine. Kwenye kifungio cha kiti cha pili kilikuwa kimechomekwa chuma bapa, kimepinda. Kilikuwa na kitambaa changu cha maua ya bluu. Kimelowa. Kinanuka.

Nikafikiri upesi. Nikikata mkanda nitapiga kelele. Nikipiga kelele watu watakuja. Wakija watakiona chuma. Wakikiona, watajua yote, ya kaka na yangu.

Nikakishika chuma kwanza.

Kiligoma. Nilivuta kwa vidole mpaka kucha ikang'oka. Nikaenda mezani. Nikatafuta koleo. Halikuwa juu, lilikuwa kwenye droo ya tatu, chini ya spana. Nikarudi. Kaka alikuwa ananiangalia. Hakuita tena. Alikuwa anajua ninachofanya, maana alishawahi kukifanya.

Chuma kilipotoka nilikitia kifuani, ndani ya nguo. Nikachukua mkasi. Nikakata mkanda.

Alikuwa ameshanyamaza.

Daktari alisema mbavu zilivunjika kama za mtu aliyelaliwa na gari. Mkaguzi wa usalama alikizunguka kigari mara tatu, akatazama sakafu tambarare, akatazama injini baridi, akaandika chanzo hakijulikani. Meneja alisema ajali haina kinga, akarudi ofisini kwake. Dhima haikuwa ya mtu.

Jana mjane wa Polepole alikuja kuchukua gauni lake. Mizigo yake ilikuwa tayari barabarani, godoro limeviringishwa, masufuria ndani ya beseni, anaihama ile nyumba. Alikaa kwenye kiti cha kwanza, akanipa pole ya msiba. Alikuwa na pole ya kweli, na hilo ndilo lililonichoma. Nilikunja gauni taratibu ili nisimtazame.

"Wewe ndiye uliyefika kwanza," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Alisema nini mwishoni?"

Nilijua hapo ndipo pa kusema. Neno moja lingemrudishia yule mwanamke jina la mumewe, na pengine na nyumba yake. Chuma kilikuwa kwenye droo ya mashine yangu, karibu na goti langu. Nilikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi, jua limejaa chumbani.

"Nilimkuta ameshakata roho," nikasema.

Kiti cha pili kikaanza kulia.

Ti. Ti. Ti.

Mjane hakushtuka. Alikitazama kiti, kwa muda, kama mtu anayemtambua jirani kwa mbali. Kisha kiti cha tatu nacho kikaitikia. Akasimama, akachukua gauni lake.

"Una wageni," aliniambia. "Nisikucheleweshe."

Mficha maradhi, kifo humwumbua. Maneno hayo nimeyasema kwa wengine mara nyingi, nikicheka, mdomo umejaa pini. Baada ya mjane kuondoka nilifunga duka mapema. Nilikitafuta chuma kwenye droo. Hakikuwepo. Futi yangu nilikuwa nimeitundika kwenye msumari wake, na hilo nina hakika nalo.

Asubuhi ya leo msumari ulikuwa mtupu. Futi ilikuwa kwenye kiti changu mwenyewe, kile cha mbele ya mashine, imezungushwa duara, imebanwa kwa pini. Nimeisoma nikiwa nimesimama. Ni inchi thelathini na sita.

Si kipimo cha mteja. Ni changu.