Dakika Nne Kabla ya Somo

"Pakua tu, weka kwenye diski, unipe. Usinitazame."

Huyo ni mke wangu kwenye simu. Miezi minane sasa anaishi kwa dada yake, na talaka hakuna aliyeitaja. Anafundisha hesabu mtandaoni katika chuo chetu. Mimi ndiye fundi kompyuta wa chuo hichohicho. Ijumaa tovuti ya masomo ilikuwa inafungwa, na Jumamosi yeye anahamia chuo kingine, mbali. Alitaka masomo yake arobaini yaliyorekodiwa aondoke nayo.

"Nikutazame, kwani wewe sinema?"

Kiburi hicho ndicho kilichonifikisha hapa. Siku anaondoka nilimwambia, "Nenda, hata pengo sitaliona." Mdomo uliponza kichwa. Siku hizi nyumbani naongea na friji.

Tovuti ile haina kitufe cha kupakua. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikabandika kiungo cha somo la kwanza, nikabonyeza. Asilimia zikapanda mpaka mia. Fundi hatoi kazi bila kuijaribu, basi nikafungua faili nisikie kama sauti ipo.

Kwenye tovuti, video huanzia pale anaposema "Karibuni darasani." Amri yangu ilikuwa imevuta rekodi nzima, na yenyewe ilianza dakika nne nyuma. Alikuwa peke yake mbele ya kamera, anasubiri wanafunzi.

"Leo nimemimina tena vikombe viwili vya chai," alikuwa anasema taratibu. "Mkono hausikii. Hivi umekula, mkaidi wewe?"

Somo la pili: "Simu yako ingelia leo, ningepokea."

Somo la tisa: alilia, akafuta uso, wanafunzi wakaingia, akafundisha. Nami nililia, sina haja ya kuficha.

Ijumaa mchana nikampigia.

"Masomo yako tayari. Thelathini na nane. Mawili yamegoma, nimejaribu mara tatu."

"Sawa. Mwachie mlinzi getini, nitapitia."

"Mke wangu, faili zinaanza kabla ya somo. Dakika nne kabla."



"Umesikiliza?"

"La kwanza nililijaribu tu. Mengine nimesikiliza kwa kutaka."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza, na nimetazama. Nisamehe. Na lile pengo nililiona jioni ileile uliyoondoka, nikashindwa kusema. Rudi nyumbani. Upweke umenimaliza."

"Yapi yaliyogoma?"

"La kumi na saba, na la mwisho."

"La kumi na saba nilikutukana."

"Nilistahili. Njoo unitukane ana kwa ana."

"La mwisho nilikuaga."

"Hilo afadhali limegoma."

Akacheka kidogo, sauti imejaa machozi, kisha akakata simu bila kuniambia kama anakuja.

Saa kumi na mbili jioni mlango wa nyumbani uligongwa. Aliingia na begi lake, akalishusha chini, akatazama mezani. Palikuwa na vikombe viwili vya chai, kimoja nilishakinywa.

"Kesho sisafiri," akasema. Akagusa kile kingine. "Chai imepoa hii."

"Niliimimina ulipokata simu. Lete nikupashie."

"Acha."

Akavuta kiti chake cha siku zote, akainywa hivyohivyo.