Waya Uliofukiwa Uani

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika, watu wanasukumana kwa viwiko, na msusi alikuwa amekumbatia mnyororo wenye kutu uliokwisha kumharibia gauni lake jipya la njano. Mbele yake kwenye foleni alisimama kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu, roli la waya begani, furushi la vibendera vyeupe kwapani.

"Bendera zote hizo, kaka, unapokea mgeni gani?"

"Mbwa," kijana alijibu bila kutabasamu. "Na wewe, mnyororo huo unamfunga nani? Mume?"

"Sina mume. Nina mbwa."

"Asante kwa taarifa zote mbili."

Msusi aliangua kicheko hadi muuzaji akageuka. Kijana akamweleza kazi yake: hufukia waya kuzunguka ua, mbwa huvalishwa mkanda shingoni. Akiukaribia waya, mkanda hutoa mlio wa kumwonya; akizidi kusogea, humfinya kidogo kwa umeme. Msusi akarudisha mnyororo palepale. Kwao hakukuwa na ukuta, na mbwa wao wa kwanza alikuwa amekanyagwa na lori mbele ya nyumba, mama yake akalia wiki nzima. Sasa walikuwa na Bosi, mboni ya jicho la mama.

Fundi alikuja Jumamosi. Akachimba, akafukia, akapanga vibendera juu ya waya, akafunga kisanduku ukutani jikoni na kuweka kitufe chake cha nguvu ya umeme kwenye namba mbili.

"Mtembezeni kwa kamba wiki mbili, ajue mpaka ulipo. Hiyo namba usiiguse."

"Sawa, bwana mkubwa."

Alikuja kila jioni kumfundisha Bosi, na siku ya nne majirani wote walishajua kwamba hakuja kwa ajili ya Bosi. Akifika kwake, anapiga simu.

"Bosi kala?"

"Kala. Na mimi nimekula, kama kuna anayeuliza."

"Si ndiko nilikokuwa naelekea, mpenzi?"

Lakini moyo wa msusi haukutulia. Asubuhi moja alimwona Bosi amesimama kwenye vibendera, akilitazama lori linalopita. Ile hofu ya zamani ikampanda. Akaingia jikoni, akazungusha kitufe kutoka mbili hadi saba, wala hakumwambia mtu.

Siku ya tatu baada ya hapo, tairi la gari likapasuka barabarani. Bosi akashtuka, akatoka mbio akapita juu ya waya akibweka kwa maumivu. Kibaya zaidi, hakuweza kurudi. Kila alipojaribu kuingia, mkanda ulimchoma kwenye mpaka uleule, akaruka nyuma. Jaribio la tatu alitimua mbio. Msusi alimkimbiza peku hadi pumzi ikamwishia, asimpate.

Fundi alifika, akafungua kisanduku, akaiona saba.

"Si ulisema waya huu ni salama?" mama mtu alimvaa.

Fundi alimtazama msusi. Msusi alitazama vidole vya miguu yake.

"Kosa ni langu, mama," fundi akasema.

Mama hakuwa mtu wa kufunga mdomo. Kabla ya wiki kuisha nyumba tatu zilikuwa zimemkataa fundi, moja akiwa ameshaanza kuchimba. Fundi alimpigia msusi simu mara kumi na moja. Msusi aliitazama ikiita, asipokee. Kisha simu zikakoma, na hapo ndipo alipoumia kwelikweli.

Siku ya nane tangu Bosi apotee, mwenye bucha alimleta, mbavu nje, anachechemea. Walimvua mkanda, walizima kisanduku, lakini Bosi hakukubali kuvuka. Alikaa nje ya ua wake mwenyewe akitetemeka, macho kwa mama. Msusi akashindwa kujizuia.

"Mama, ile namba niliongeza mimi."

Mama akamgeukia. "Ukaacha mtoto wa watu abebe lawama?"

"Nilimwacha."

"Na mimi nimeshatangaza uongo mtaa mzima. Vaa viatu."

Walizunguka nyumba zote tatu. Kila mlango msusi alisema mwenyewe, "Fundi hana kosa, ni mimi," na kila mlango ulimtoa kijasho. Waliporudi alimpigia fundi, akamweleza yote. Fundi alikata simu, lakini jioni akatokea na ovaroli yake, amekonda uso.

"Niliiona ile saba," alisema.

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka useme wewe. Nimekupigia mara kumi na moja."

"Niliona aibu."

"Na mimi? Nilisemwa kila duka ninaloingia, nikajiambia, atapiga tu." Akamgeukia Bosi. "Nimekuja kwa ajili ya mbwa."

Akampakata Bosi, akavuka naye polepole, akimnong'oneza, akaketi naye kwenye ngazi ya mlango. Bosi alitetemeka, kisha akatulia. Fundi akaanza kuinuka.

"Usiende," msusi akasema.

"Bado nina hasira na wewe."

"Una haki. Kasirika. Lakini kasirika ukiwa humu ndani ya ua."

Fundi aliweka mkono juu ya kichwa cha mbwa. Kisha akaketi tena, akimpa msusi mgongo.

"Chai ipo?"

"Ipo."

"Lete basi. Lakini sijacheka."