Josho la Kilimani na Ng'ombe wa Amuge

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani, Amuge alipita kati ya ng'ombe wake akiwatoa kupe. Aliwatafuta masikioni na chini ya mkia, akawatupa ndani ya kopo la mafuta ya taa. Mume wake, Otai, alikamua. Maziwa yalikuwa machache. Hayakutosha hata watoto wa nyumbani.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, katika kijiji kimoja mashariki ya mji wa Tororo, Uganda. Mwaka uliotangulia, serikali ilikuwa imejenga josho juu ya kilima, karibu na ofisi ya gombolola, yaani ya tarafa. Josho ni shimo refu la saruji lililojaa maji yenye dawa. Ng'ombe huogelea ndani yake, na kupe hufa. Siku ya kulifungua, watu walicheza ngoma mpaka jioni.

Otai na Amuge walipeleka ng'ombe wao. Njia ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Ng'ombe wao mwekundu, aliyekuwa ananyonyesha, alikunywa maji ya josho. Jioni alitetemeka. Kulipokucha alikuwa amekufa. Ndama wake alikonda, naye akafa. Majirani pia walipoteza ng'ombe kwa namna hiyo hiyo. Watu wakaacha kwenda kilimani.

Siku moja Ikiring, mkungu, yaani mkuu wa kijiji, alipita nyumba kwa nyumba.

"Ijumaa afisa wa maendeleo anakuja kutoka Tororo," alisema. "Anataka kuona kama pesa ya serikali imefanya kazi. Kila mtu alete ng'ombe kwa josho. Na mtu asitaje ng'ombe waliokufa! Tumeomba zahanati. Tukilalamika, watapeleka zahanati kwa watu wengine."

Alipoondoka, Otai alimwambia mkewe, "Mama Aguti, mzee anasema kweli. Ijumaa tunyamaze tu."

"Mimi pia nataka zahanati," Amuge alijibu. "Lakini wakijenga zahanati isiyotibu mtu, tutaichezea ngoma tena?"

Otai alichukua kamba, akaenda kuwafunga ng'ombe.

Ijumaa kilima kilijaa ng'ombe. Afisa aliitwa Edimu. Alikuwa kijana mpole, amekuja kwa baiskeli. Ikiring alimwonyesha josho.

"Bwana afisa, unaona mwenyewe. Josho limetuletea maendeleo. Siku hizi ng'ombe ni wengi kijijini."

"Naona," alisema Edimu. "Lakini njia ya kuja hapa imeota nyasi. Ng'ombe hawa wote hupita wapi kila wiki?"

Amuge akasimama.

"Hawapiti, bwana. Leo tumeambiwa tuwalete. Ng'ombe wangu alikunywa maji ya hapa, akafa. Ndama wake akafa. Tangu hapo hatuji."

"Huyu mama anatuharibia!" Ikiring alipaza sauti.

"Hapana, mzee wangu. Ananisaidia," Edimu alisema. "Sikutumwa kutazama saruji. Nimetumwa kujua ni nini kimebadilika kwa watu na mifugo yao. Nikiandika kwamba yote ni mazuri, mtabaki na josho hili hivi hivi, na wenzenu watajengewa lingine kama hili."

"Lakini ng'ombe wameongezeka kweli," Ikiring alisema.

"Wameongezeka kwa sababu gani?"

Otai alimtazama mkewe, kisha naye akasimama. "Pamba ilipata bei nzuri. Watu wengi walinunua ng'ombe sokoni. Mimi pia nilinunua."

"Basi hao waliletwa na pamba," alisema Edimu. "Ndiyo maana ni lazima tuulize hali ilikuwaje kabla ya josho, na ikoje sasa. Tena tulinganishe na mahali pasipo na josho. Juzi nilikuwa katika kijiji kisicho na josho. Ndama wao wanakufa kama wenu. Kwa hiyo pesa imetumika, lakini faida bado haijafika kwenu."

"Dawa ni mbaya?" mtu mmoja aliuliza.

"Dawa ni nzuri kwa kuua kupe, lakini ni sumu ikinywewa. Ng'ombe mwenye kiu atakunywa maji yoyote. Mnyweshe kwanza, apumzike, ndipo aingie. Akitoka, asimame mpaka akauke. Je, hapa kilimani kuna maji ya kunywa?"

"Hakuna," Amuge alisema. "Kijito kiko kule chini, upande mwingine."

"Hilo lilipaswa kuulizwa kabla ya kujenga," Edimu alisema.

Aliandika yote mbele yao, akawasomea. Ikiring alikuwa bado amenuna, lakini hakupinga.

Baada ya mavuno, serikali ilileta pampu na mabomba. Wanaume walichimba mtaro, wanawake wakabeba mchanga. Walijenga birika la maji kabla ya mlango wa josho. Amuge alichaguliwa kuingia katika kamati, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna ng'ombe anayeingia na kiu. Wenye haraka walimnung'unikia, lakini hakuwaachia.

Mvua zilizofuata, ndama wengi wa kijiji waliishi. Aguti, binti yao mkubwa, alianza kupeleka maziwa Tororo na kuwauzia wafanyakazi wa kiwanda cha saruji. Zahanati nayo ilikubaliwa. Safari hii wanawake waliulizwa mahali pa kuijenga kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Edimu aliporudi, hakuanza kilimani. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza habari za ndama. Kwa Otai alimkuta Ikiring ameketi, akinywa maziwa.

"Karibu, bwana afisa," alisema mkungu. "Ndama wanaendelea vizuri. Lakini andika na hii: ile pampu imeanza kuvuja, na fundi hatujamwona."