Kinga ya Mutu Mumoja

—Ile yenye ulinionyesha iko murefu, iko mwepesi, iko muzuri, Godelive! Siku ya posho nitafika Mavivi. Unichungie, usipatie mwanaume mwingine! À vous!

Kanyere angeitambua sauti hiyo hata kwenye ngurumo. Ilikuwa ya Lusenge, mchumba wake, na ilitoka ndani ya kibanda cha foni cha Butembo. Tangu vita vivuruge barabara, aliyetaka kuongea na Beni alikuja hapo kwenye redio, na foni haina siri. Foleni nzima ilisikia miadi hiyo ya siku ya posho, yaani Jumamosi.

—Nitakuchungia, papa, mwanamke akajibu kwa sauti ya kukwaruza. Mais fanya mbio, wengi wako naitamani. Terminé!

Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja akamtazama Kanyere kwa huruma, na huruma hiyo ikamchoma kuliko kicheko. Akamngoja Lusenge mlangoni.

—Godelive ni nani?

—Kanyere! Kumbe uko hapa?

—Nimeuliza, Godelive ni nani?

—Mama wa kutengeneza sufuria kule Mavivi, ku uwanja wa ndege wa Beni.

—Na ile murefu, mwepesi, muzuri?

—Bomba za alimini! Kuko ndege ndogo ya zamani yenye ilioza pembeni ya uwanja. Banaikata, banaiyeyusha, banatengeneza sufuria. Mi nikaona zile bomba, nikasema, cadre, mifupa ya kinga yangu, njo hii.

Kanyere alikuwa amejiandaa kulia. Machozi yakakosa pa kwenda.

—Heri ingekuwa mwanamuke, akasema. Mwanamuke ningejua kupigana naye. Sasa kinga nitaipiga na nini?

Kinga, yaani baiskeli, ndiyo iliyoahirisha ndoa yao mara mbili. Walisema Pasaka, ikapita. Wakasema Assomption, sikukuu ya Agosti, nayo ikapita. Lusenge alikuwa fundi wa kinga karibu na soko, na kichwani mwake kulikuwa na kitu kimoja: kinga nyepesi ya kupanda na kushuka vijia vya milimani. Haina porte-bagages ya kuwekea mzigo nyuma, haina garde-boue ya kuzuia matope, haina taa. Mji ulimcheka. Butembo kinga ni punda: inabeba ndizi, makaa, hata mgonjwa. Papa Siméon, baba yake Kanyere, mfanyabiashara wa maharagwe, alishasema neno lake:

—Kinga yenye haibebe kitu ni ya mwanaume yenye hatabeba kitu.

Bomba zilifika. Alimini ikakataa moto wa Lusenge, ikawa inayeyuka badala ya kuungana. Akakata vikono vya chuma vya kushikanisha bomba, akavipigilia riveti. Mara ya kwanza aliposhuka nayo, alirudi na guidon, yaani usukani, mkononi na cadre begani. Mara ya pili fourche, uma wa gurudumu la mbele, ilijikunja kama kijiko. Kila mara Kanyere alimwosha vidonda kwa maji ya chumvi, na kila mara Lusenge aliongea habari za riveti tu.

Mchana mmoja Kanyere akamfuata pale kwenye kazi.

—Lusenge, abbé wa kanisa ameuliza tena siku ya ndoa. Nimuambie nini?

—Shika hapa kwanza. Usitingishe.

—Nimuambie nini?

—Muambie cadre ikishakamata...

—Cadre!

Kanyere akaachilia. Bomba zikaanguka kwa kelele.

—Niambie leo. Juu ya nini unataka kinga yenye haibebe kitu?

Lusenge akafuta mikono polepole.

—Unakumbuka basoda balinikamata njia ya Kamango?

—Nakumbuka.

—Balipakiza masanduku yao ya risasi ku kinga yangu. Nikasukuma mpaka mabega yakatoka ngozi. Mutu akaanguka mbele yangu, bakasema nipite. Nikapita, Kanyere. Na muzigo yao, nikapita. Ile siku nikaapa, kinga yangu ingine haitabeba kitu. Itanibeba mimi tu.

Kanyere alimwonea huruma, kweli. Lakini alilishika neno moja.

—Wewe tu.

—Mimi tu.

—Donc mimi nitakaa wapi?

Lusenge akazitazama bomba pale chini. Usoni mwake Kanyere aliona wazi kwamba swali hilo halijawahi kumpitia kichwani. Akavua pete ya uchumba, akaiweka juu ya zile bomba.

—Basi, oa hii.

Juma lililofuata alipanda lori kwenda Beni kwa dada yake Solange. Hawakufika mbali. Kwenye barrière, kizuizi cha wanajeshi, basoda waliteremsha watu wote. Walikuwa wananyang'anya kinga za wabeba ndizi, wanazipakia magunia ya kupeleka kwenye mapigano, na wenye kinga wanaambiwa wasukume.

Hapo kitu kikashuka kutoka kwenye mikaratusi juu ya kilima, kinaruka mawe, hakina kelele. Alikuwa Lusenge juu ya ile kinga ya alimini, sasa imekamilika, matope mpaka kwenye kope.

—Kanyere!

Alipowaona basoda alikuwa ameshachelewa.

—Leta! mmoja akaikamata kinga.

Akatafuta pa kuweka gunia, nyuma hakuna pa kuliweka. Akalilaza juu ya bomba, likateleza, likamwangukia mguuni. Wenzake wakacheka. Chef wao akasogea, akaiinua kinga kwa vidole viwili.

—Velo oyo ememaka nini? Inabebaka nini?

—Eloko te, chef. Haibebe kitu.

—Kitu ya bure! Chef akaitupa kwenye majani. Basi wewe njoo usukume hii ingine.

Kanyere alijikuta katikati yao kabla hajajua anafanya nini.

—Chef, ni bwana yangu huyu! Abbé iko natungoja. Ni mariage yetu!

—Siku gani?

Kanyere akamgeukia Lusenge.

—Siku ya posho, chef, Lusenge akasema.

Chef akaangalia matope, akaangalia kinga, akamwangalia msichana. Akapiga kofi pajani.

—Mariage na mutu wa velo ya hivi! Mama, pole. Kende! Muende!

Wakaiokota kinga, wakatembea mpaka barrière ikapotea nyuma.

—Usiwaze nilisema kweli, Kanyere akasema. Ungekufa.

—Mimi nilisema kweli.

—Ulinifuata juu ya nini?

—Mama yako aliniambia lori imekwenda. Ku barabara singekufikia, nikapita milimani. Na kinga ilitembea, Kanyere. Hakuna kitu ilivunjika. Ilikuwa sawa vile nilitaka tangu zamani. Mais sikufurahi. Nilikuwa natafuta mutu wa kuambia, na mutu iko ndani ya lori.

Kanyere akaichukua kinga mikononi mwake. Hasira bado ilikuwa kifuani.

—Utanitengenezea ingine.

—Yenye porte-bagages?

—Hapana! Mi siko gunia. Ya kupanda mwenyewe.

—Lakini hujue kupanda.

—Kwani wewe ulizaliwa unajua?

Akakaza kitenge, akapanda. Akaanguka kwenye maharagwe ya watu. Akapanda tena, akaanguka tena, akaitukana kinga, akamtukana Lusenge, akaitukana ile miezi yote ya kungoja. Mara ya tatu Lusenge alikimbia pembeni, mkono chini ya kiti.

—Niachilie!

—Kuko mutelemko mbele!

—Nimesema niachilie!

Akaachilia.

Siku ya posho abbé aliwafungisha ndoa. Bibi arusi alipiga magoti altareni akikunja uso, maana goti moja lilikuwa na kidonda kibichi. Papa Siméon akamnong'oneza:

—Nani alikuumiza hivi, mwanangu?

—Nilianguka mwenyewe, papa, Kanyere akasema, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akacheka. Kesho nitaanguka tena.