Jeli ya Mama Nayeli

Kila Jumamosi ya Ramadhani, Tanzila na wasichana wenzake wa madrasa walibaki msikitini baada ya masomo kutandika mikeka ya futari. Ukumbi ulikuwa ghorofa ya chini, pamoja na jiko, na akina mama wa Kibengali wa mji wa Hamtramck, Marekani, waliingia mmoja mmoja na mabakuli yao ya dengu, bajia za vitunguu na wali. Tanzila, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyepanga tende kwenye sahani.

Jumamosi moja Nayeli, mwenzao wa madrasa, na mama yake, Graciela, walitoka jikoni wamebeba sinia kubwa. Walikuwa wamesilimu wakati wa baridi, na hiyo ilikuwa Ramadhani yao ya kwanza. Graciela alikuwa ameshinda hapo tangu asubuhi akipika jeli ya maziwa yenye tabaka za rangi, kama wafanyavyo watu wa kwao Meksiko kwenye sherehe. Ilipoadhiniwa, watoto waliigombania. Tanzila alikula kipande, akaongeza kingine.

Baada ya sala ya Magharibi alikwenda jikoni kutupa taka. Juu ya pipa palikuwa na paketi tupu. Akaisoma, kama mama yake alivyomfundisha kusoma kila paketi dukani. Iliandikwa: jelatini, unga wa kugandishia jeli, ya ngozi ya nguruwe.

Alikimbilia sinki, akasukutua mpaka fizi zikamuuma, akatia kidole kooni na kutapika. Rafiki yake Rumana alimkuta ameinama, machozi yakimtoka.

"Una nini wewe?"

"Tumelishwa nguruwe," alisema Tanzila.

Kabla ya Isha, wasichana wote walikuwa wamesikia. Tanzila alisimulia huku amekunja uso, na kila walipoziba midomo yao kwa kinyaa, naye aliongeza kidogo. Alisema yule mama alijua fika alichokuwa akifanya. Akasema aliwahi kukaa karibu na Nayeli darasani, na nguo zake zilinuka mafuta ya nguruwe. Hilo la nguo halikuwa kweli, lakini lilichekesha kuliko yote. Nayeli alipokuja kuchukua viatu vyake mlangoni, wasichana wawili walivuta vyao mbali na vyake, wakaziba pua. Nayeli aliwatazama, akatazama nguo zake, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata mama na binti hawakuonekana. Tanzila alikuwa akivua viatu aliposikia wanawake wawili wakizungumza upande wa pili wa rafu ya viatu. Mmoja alisema yule Mmeksiko aliwalisha watu haramu makusudi, na kwamba nyumba yake yote yanuka mafuta ya nguruwe. Mwenzake alipouliza ameyajuaje, akajibu kuwa watoto wenyewe wameshuhudia.

Yalikuwa maneno yake mwenyewe, yamenenepa. Tanzila alihisi kichefuchefu kilekile cha siku ile, ila sasa hakuwa na cha kutapika.

Alimfuata Ustadha Mahfuza, mwalimu wao, aliyekuwa akipanga misahafu. Hakuthubutu kusema lililomleta, akauliza swali jingine.

"Ustadha, mtu akila haramu bila kujua, inakuwaje?"

"Mimi nilikula vipande vitatu," alisema Ustadha. "Asiyejua hana dhambi. Unasukutua, vyombo vinaoshwa, unaendelea na ibada yako. Limekwisha hilo. Sasa niambie, hiyo harufu inayosemwa iko kwenye nguo za Nayeli, nani aliinusa?"

Tanzila aliinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyesema. Lakini sikuinusa."

Ustadha hakupaza sauti. Alimtazama tu kama mtu aliyefunua sufuria akakuta chakula kimeoza.

"Mwenyezi Mungu amemfananisha msengenyaji na mtu anayekula nyama ya ndugu yake aliyekufa. Jeli uliitapika palepale. Hii nyama umeitafuna wiki nzima na wenzako umewagawia. Na hilo la nguo hata kusengenya si kusengenya. Ni uzushi."

Alasiri hiyohiyo walikwenda pamoja nyumbani kwa Graciela. Jikoni kulinukia sabuni. Graciela alikuwa na vidole vilivyochubuka; habari ya paketi ilimfikia kwa simu, naye alikuwa amesugua kila chombo alichokuwa nacho. Alieleza kwamba alizoea kusoma paketi kutafuta sukari tu, kwa sababu mama yake mzazi alikuwa na kisukari. Hakujua kuna kingine cha kutafuta.

"Ungenivuta pembeni ukaniambia, mwanangu," alisema. "Ningekushukuru."

Tanzila aliomba radhi kwake, kisha akamgeukia Nayeli, akakiri kwamba ile harufu aliitunga.

"Nilikuwa nabadilisha nguo mara mbili kila asubuhi kabla ya shule," alisema Nayeli. "Namwambia mama aninuse. Nilidhani kweli nanuka."

Tanzila alilia. Nayeli hakumkumbatia, lakini alimsogezea kiti.

Jioni hiyo, kabla ya adhana, Graciela na Nayeli wakiwa wamerudi nao msikitini, Tanzila alisimama mbele ya wasichana na mama zao, akasema lipi lilikuwa kweli na lipi alilizusha. Rumana alikodolea mkeka macho. Mmoja wa wale wanawake wa kwenye rafu ya viatu alisogea, akampisha Graciela nafasi kando yake.

Ndipo Ustadha Mahfuza alipowageukia wasichana wake.

"Katika nchi hii mtaniuliza mengi," alisema, "peremende hii, sabuni ile, jibini lile. Ulizeni, ni vizuri. Lakini mkiona kosa la mtu, mwendeeni mwenyewe kwanza, kwa siri na kwa upole. Na msilolijua, msiliseme. Ulimi nao una haramu yake, na hakuna paketi itakayowaandikia."